Makaa duni ya Rukwa na mabani ya Urambo: uchambuzi wa ombi moja

Chama kimoja cha msingi cha wakulima wa tumbaku wilayani Urambo kilipokea barua kutoka kwa mfanyabiashara wa makaa ya mawe. Alitaka kuwauzia makaa ya daraja la chini kutoka ukanda wa Rukwa, yale yanayobaki baada ya viwanda kuchukua mazuri, wayatumie kukaushia tumbaku badala ya kuni. Bei ya tani ilikuwa chini ya bei ya tani ya kuni zilizofikishwa shambani. Barua ilitaja pia "teknolojia za kisasa za makaa duni", ikasema nchi nyingi zimeshaanza kuzitumia, na ikawakumbusha wakulima kwamba Serikali imepiga marufuku kuni.

Bodi ya chama iliniita kwa sababu kazi yangu ni majiko na matanuri. Naandika kisa hiki kwa ridhaa yao, bila kutaja jina la chama wala la muuzaji. Barua za namna hii zitavifikia vyama vingine vya Tabora na Kigoma, na ni vema wanaozipokea wawe na hesabu mkononi.

Hilo la marufuku nilimalize hapa hapa. Agizo lililowekewa mwisho wa tarehe 31 Januari 2024 lilihusu taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku: shule, magereza, hospitali na kadhalika. Mabani, yaani vibanda vya kukaushia tumbaku, hayakuguswa. Mkulima asitishwe kwa agizo lisilomhusu.

Lakini shida ya kuni ni ya kweli, tena ni kubwa. Urambo ilikuwa moja ya sehemu tatu, pamoja na Kongwa na Nachingwea, za mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kufutwa 1951. Mitambo ilishushwa kabla ya udongo na mvua kuchunguzwa vya kutosha. Karanga zilikataa, tumbaku ikashika nafasi yake, na tangu hapo kila msimu miyombo na mitundu imekuwa ikiingia motoni. Miti hiyo ndiyo maua ya nyuki wa Tabora. Mfugaji wa nyuki wa Urambo au Sikonge anajua asali inavyosogea mbali kadiri pori linavyosogea. Kwa hiyo sikwenda kwenye kikao hicho na dhamira ya kutetea kuni.

Mwenyekiti, mzee aliyekaa na tumbaku tangu ujana wake, aliuliza moja kwa moja: "Mwanangu, sisi kuni zinatuishia. Tuambie tu, haya mawe yanawaka au hayawaki?"

"Yanawaka, mzee."

"Basi kwa nini bani la mwenzetu limeungua tumbaku?"

Kabla sijafika, muuzaji alikuwa amewaachia shehena ndogo ya majaribio, na mwanachama mmoja alikubali kuijaribu kwenye bani lake.

Kwa asiyejua kazi hii, tumbaku ya mvuke haianikwi juani. Majani hufungwa kwenye fito na kuning'inizwa ndani ya bani. Moto huwashwa kwenye jiko lililojengwa ukutani, na moshi hupita ndani ya mabomba ya bati yaliyotandazwa sakafuni kabla ya kutoka nje kwa dohani. Kinachotakiwa kufika kwenye jani ni joto peke yake. Mwanzoni joto hushikiliwa kati ya nyuzi 35 na 40 ili jani ligeuke njano. Kisha hupandishwa taratibu hadi karibu 55 kukausha ubapa wa jani, na mwishoni hupita 70 ili mshipa mkuu wa katikati ukauke kabisa. Kazi hiyo huchukua karibu wiki nzima, mchana na usiku, na pesa ya mkulima iko kwenye kupanda huko kwa joto. Likichelewa kupanda baada ya unjano, unyevu hubaki ndani ya bani, jani hubadilika kuwa kahawia, na daraja lake sokoni hushuka.

Ndivyo ilivyotokea. Nilikuta jiko halijafunguliwa. Halikuwa na wavu wa chuma, kwa sababu kuni hazihitaji wavu: gogo hulala sakafuni na kupata hewa ubavuni. Makaa ya mawe yanataka hewa kutoka chini. Yalikuwa yamemwagwa juu ya kuni zinazowaka, yakashika moto juu juu, yakafukuta. Mwenye bani alisema kipimajoto kiligoma pale pale kwenye nyuzi arobaini na kitu, akaongeza makaa, kikazidi kugoma. Tulipoingiza jembe tulitoa mabonge meusi yaliyoyeyuka na kugandana, mengine mazito hata kuyaburuta ni taabu, na ndani yake bado kuna makaa ambayo hayakuungua. Kwenye maungio ya mabomba kulikuwa na masizi yaliyotokea nje, na majani ya fito za chini yalinuka salfa. Mabomba yale yalikuwa na kutu ya miaka. Kwa moshi wa kuni tundu dogo huvumilika kidogo. Kwa moshi wa makaa yenye salfa, tundu lile lile huharibu jani, na salfa hiyo ikikutana na unyevu huendelea kulila bati.

Kuna jambo jingine lililonisumbua kuliko tumbaku. Kijana aliyekuwa anachochea moto alikuwa analala kwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa bani, upande wa jiko. Makaa yanayofukuta kwa kukosa hewa hutoa monoksidi ya kaboni kwa wingi, gesi ya sumu inayoua, na haina harufu wala rangi. Niliomba kibanda kihamishwe siku hiyo hiyo, hata kabla ya kuzungumza habari ya bei.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo kiini cha kisa. Karatasi ya vipimo iliyoambatana na barua ilionyesha majivu asilimia 45 na unyevu asilimia 10. Inabaki asilimia 45 ya kitu kinachoungua. Sehemu inayoungua ya makaa ya aina hii hutoa kama megajuli (kipimo cha nishati) 31 kwa kilo, hivyo kilo moja ya makaa yale, pamoja na mawe na maji yake, inatoa karibu megajuli 14. Kuni za miombo zilizokaushwa vizuri hadi unyevu wa asilimia 20 zinatoa hizo hizo megajuli 14 kwa kilo. Yaani tani ya makaa yale ina joto sawa na tani ya kuni kavu. Watu wengi tukisikia makaa ya mawe tunawaza joto la kuyeyusha chuma, na hata wajumbe wa bodi walishangaa. Makaa mazuri hufika megajuli 25 na zaidi. Haya ni mengine kabisa.

Chukua lori la tani 30. Tani 13.5 ni majivu, tani 3 ni maji, na tani 13.5 ndizo zinazoungua. Kutoka Sumbawanga kupitia Mpanda hadi Tabora mjini ni karibu kilomita 600, na Urambo iko mbele zaidi kwa upande wa magharibi. Zaidi ya nusu ya nauli inalipia mzigo usiotoa joto, halafu mkulima analipia tena kuyachota majivu hayo jikoni na kutafuta mahali pa kuyatupa. Majivu ya makaa ya mawe hayafai kumwagwa bustanini kwa mazoea ya majivu ya kuni. Huweza kuwa na zebaki, aseniki na madini mengine yanayochujika na mvua hadi kisimani. Kila tani inaacha kilo 450 za majivu, kwa kila bani, kila msimu.

Reli ingepunguza nauli. Tawi la Mpanda hadi Kaliua, lililojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya risasi iliyochimbwa Mpanda, linaungana na reli ya kati jirani kabisa na Urambo. Hata hivyo reli hubeba mawe kwa nafuu tu. Haiyageuzi kuwa joto.

Hapa ndipo tulipolazimika kuzichukua kwa uzito zile "teknolojia za kisasa" za kwenye barua, kwa sababu zipo na zinafanya kazi. Niliwaeleza wajumbe moja moja, na kila mara tuliuliza swali lile lile: inaweza kukaa wapi?

Ya kwanza ni kuosha. Makaa husagwa na kuzamishwa kwenye kimiminika kizito, kwa kawaida maji yaliyochanganywa na unga wa magnetaiti, madini mazito ya chuma. Makaa yana uzito wa kama mara 1.3 hadi 1.4 ya maji, mawe ya udongo mgumu yanakaribia 2.5, hivyo makaa huelea na mawe huzama. Ni mbinu ya zamani na ya kuaminika, na huko Rukwa kwenyewe, eneo la Mkomolo, mtambo wa kuosha ulishawahi kusimikwa. Ugumu wake ni kwamba makaa ya kusini mwa Afrika, ya umri wa Karoo (tabaka za kale za miamba ya eneo hilo), mara nyingi yana madini yaliyojipenyeza ndani ya makaa yenyewe kwa chembe ndogo sana. Ukisaga kiasi, vipande vingi vinabaki nusu makaa nusu jiwe. Kwa hiyo kuosha hushusha majivu, lakini hakuyamalizi, na sehemu ya makaa mazuri hutupwa na mawe. Na mtambo wa kuosha unataka maji mengi na bwawa la tope. Huo ni mtambo wa mgodini, hauwezi kukaa kwenye ua wa chama cha msingi.

Ya pili ni kuyapika makaa bila hewa, kuondoa moshi na lami, kisha kusaga na kugandamiza vipande vidogo pamoja na chokaa ya kukamata salfa. Wajumbe waliipenda kwa sababu STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, tayari inatengeneza mkaa mbadala wa makaa ya mawe unaouzwa kwa jina la Rafiki Briquettes, na baadhi yao wameshauona. Kwa jikoni ni njia yenye matumaini. Lakini angalia kinachotokea ukianza na makaa ya majivu 45. Katika kilo 100, unafukuza kilo 10 za maji na, tuseme, kilo 20 za gesi na lami. Zinabaki kilo 70, na kilo 45 kati yake ni majivu, yaani asilimia 64. Kitu hicho hakiwaki cha maana. Lazima uoshe kwanza, halafu upike. Muuzaji alikuwa anaahidi kupika bila kuosha.

Ya tatu ndiyo iliyokomaa kuliko zote, na ndiyo ninayoiheshimu zaidi: jiko la mchanga unaopulizwa hewa kutoka chini hadi unachemka kama uji. Makaa yaliyosagwa huingizwa humo kidogo kidogo. Mchanga ulioshika moto huyaunguza hata yakiwa na majivu mengi, kwa nyuzi 800 hadi 900, joto la chini kiasi kwamba majivu hayayeyuki na kugandana kama yale tuliyoyatoa kwa jembe. Ukiongeza mawe ya chokaa yaliyosagwa, salfa nyingi hunaswa humo humo kabla haijatoka na moshi.

Mfano ulio karibu nasi ni Maamba, kusini mwa Zambia. Mgodi ule ulikuwa umerundika makaa duni kwa miaka mingi kwa kukosa mnunuzi. Ukajengwa pale pale mtambo wa umeme wa megawati 300 wa aina hii, ukaanza kazi 2016, na marundo yale yakawa mafuta. Kwa upande mwingine Botswana ilijenga Morupule B, megawati 600, nayo inatumia teknolojia ya familia hiyo hiyo, lakini imesumbuliwa na hitilafu za mara kwa mara tangu ilipowashwa. Kwa hiyo teknolojia ikiwa nzuri kwenye karatasi bado inategemea imejengwaje na nani anaitunza.

Mjumbe mmoja, mama anayeshika hesabu za chama, aliuliza kama haiwezekani kujenga jiko dogo la namna hiyo kijijini na kusambaza maji ya moto kwa mabomba hadi kwenye mabani. Swali zuri, na majiko madogo ya namna hiyo yapo. Tatizo ni kwamba mabani yametawanyika mashambani, kila familia na lake, kwa sababu jani likichumwa linatakiwa kuingia bani siku hiyo hiyo. Ungejenga kilomita nyingi za bomba lililofunikwa kulinda joto, litumike miezi michache ya msimu, halafu likae. Njia nyingine ni kuhamisha mabani yote mahali pamoja, na hayo ni mageuzi ya kilimo chote, makubwa kuliko biashara ya makaa.

Kuhusu kuyageuza makaa kuwa gesi nilisema machache. Afrika Kusini inafanya hivyo kwa ukubwa huko Secunda, ikitengeneza petroli na kemikali. Kuna pia kuyaunguza makaa yakiwa bado ardhini na kuvuta gesi kwa visima: Angren huko Uzbekistan wamefanya hivyo tangu 1961, lakini jimbo la Queensland nchini Australia lilipiga marufuku mwaka 2016 baada ya uchafuzi uliotokana na mradi wa majaribio wa Chinchilla. Marekani nako mradi wa Kemper, Mississippi, wa kugeuza makaa duni kuwa gesi ya kuzalishia umeme, ulimeza zaidi ya dola bilioni 7 na sehemu ya gesi ikaachwa 2017. Watu wa bonde la Rukwa wanakunywa maji ya visima. Sioni sababu ya kuwafanyia jaribio hilo ili tumbaku ya Urambo ikauke.

Ukiziweka teknolojia zote hizi pamoja unaona zinadai kitu kimoja: zikae mgodini. Zinatenga jiwe na joto kabla ya safari. Kinachostahili kusafiri ni makaa yaliyooshwa au umeme, na hata umeme wa makaa utalazimika kujitetea mbele ya Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, ingawa mgao wa mwaka 2022 ulitukumbusha kwamba maji nayo hupungua. Kuna pia mtumiaji ambaye majivu hayamtishi: kiwanda cha saruji. Kwenye tanuri la saruji majivu ya makaa, ambayo ni silika na alumina kwa sehemu kubwa, huingia ndani ya saruji yenyewe. Kama ningekuwa na rundo la makaa duni Rukwa, ningepiga simu huko kabla ya kuandikia chama cha tumbaku.

Mwenyekiti hakuridhika haraka, na alikuwa na haki. "Mbona Zimbabwe wanakaushia tumbaku kwa makaa ya mawe?" Ni kweli, wakulima wakubwa kule wamezoea makaa ya Hwange. Lakini Hwange ina makaa yenye joto kubwa zaidi, mashamba yale yana majiko yenye wavu na feni, na mabani yamejengwa kwa kazi hiyo. Wakulima wadogo wa Zimbabwe bado wanakata miti, na nao wanalia na uhaba wa kuni sawa na sisi.

Ushauri wangu kwa bodi ulikuwa kukataa ombi kama lilivyoandikwa na kujibu kwa masharti. Makaa yawe yameoshwa, majivu yasizidi asilimia 20, salfa isizidi asilimia 1, na sampuli ichukuliwe na chama chenyewe kutoka kwenye mzigo, siyo na muuzaji, kisha ipimwe kwenye maabara ya makaa ya mawe ya TIRDO, shirika la utafiti wa viwanda, Dar es Salaam. Bei ihesabiwe kwa megajuli iliyofika Urambo, wala isiwe kwa tani. Na asiwashe mtu yeyote makaa ya mawe kwenye jiko lisilo na wavu au bani lenye mabomba yaliyotoboka.

Nilibishana nao zaidi kuhusu pesa waliyokuwa wameitenga kwa makaa. Kuni mbichi, zenye unyevu wa nusu kwa nusu, hutoa kama megajuli 8 kwa kilo. Zile zile zikikatwa mapema, zikapasuliwa na kukaa chini ya paa hadi zikauke, hutoa 14. Zinapungua uzito zikikauka, kwa hiyo joto la gogo moja haliongezeki maradufu, lakini moto unashika joto linalotakiwa bila kupoteza nguvu kuchemsha maji, na moshi unapungua. Nilipita kwenye mabani kadhaa na kukuta kuni za juzi zikiingizwa jikoni utomvu ukichuruzika. Banda la kuni, mabomba mapya, udongo wa kuziba nyufa za kuta, na jiko lenye chumba chembamba cha kuunguza moshi kama yale yanayotumika Malawi, vyote hivi vinapunguza miti inayokatwa kuanzia msimu wa kwanza. Pamoja na hayo, shamba la mikaratusi la chama liongezwe, maana kuni iliyopandwa huota tena na gesi yake ya ukaa hurudi kwenye mti unaofuata. Ya makaa ya mawe hairudi.

Bodi ilipiga kura. Ombi la makaa ghafi lilikataliwa, fedha za mabomba na mabanda zikapitishwa kwa wanachama wenye mabani yaliyochakaa zaidi, na mwenye bani lililoharibikiwa akakubaliwa kuwa wa kwanza kwenye orodha. Mama mhazini aliandika barua ya masharti kwa mkono wake, akaisoma mbele ya kikao, na sharti la bei kwa megajuli akalipigia mstari. Muuzaji amejibu kwamba anatafuta bei ya kuosha.